Meneja wa prodaksheni, rudi kwenye mashine: mwongozo kamili wa kuipa AI kazi za makaratasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukipita Enterprise Road, Nairobi, utaona watu wa Mukuru wakiingia Industrial Area kwa miguu, makundi kwa makundi, na ndani ya karibu kila geti kuna mtu mmoja ashafika kabla yao, simu iko sikioni, anauliza shifti ya usiku imetoa ngapi. Huyo ndio meneja wa prodaksheni. Ataulizwa na mkurugenzi, ataulizwa na watu wa mauzo, ataulizwa na stoo, na yeye mwenyewe hana jibu mpaka akusanye makaratasi ya supavaisa, akae chini, aingize kwa Excel, ajumlishe, alafu aandike barua pepe. Kufika saa nne ndio anatoka ofisini kwenda kuona mashine, na saa hiyo tatizo la usiku lishakuwa tatizo la mchana.

Mimi nimefanya hii kazi upande wa plastiki, mitungi ya lita 20, ndoo, mabeseni, kwa hivyo mifano yangu itatoka huko, lakini hata kama unatengeneza sabuni, unga, mikate ama nguo pale Baba Dogo, mambo ni yale yale. Kitu nimejifunza na ningetaka ukishike kabla hujalipia programu yoyote ni hiki: AI haianzi na AI, inaanza na namba kuandikwa mara moja tu, pale pale kwenye mashine, na mtu aliyeiona. Ukipata hapo, mengine yanafuata na mengi ni ya bure. Usipopata hapo, hata ununue mfumo wa mamilioni utabaki unapiga simu saa kumi na mbili na nusu.

Hatua ya kwanza: jipime wewe mwenyewe wiki moja

Chukua daftari ndogo, ile ya kutoshea mfukoni. Kila nusu saa andika maneno mawili matatu ya ulichokuwa unafanya. Usijipambe, kama ulikuwa unatafuta karatasi ya shifti ya Jumanne andika hivyo. Mwisho wa wiki kaa nayo na ugawanye kila kitu kwenye mafungu matano: kukusanya, kuhesabu, kuandika, kufuatilia watu, na kuamua.

Wengi tukifanya hivi tunashtuka, kwa sababu kuamua, yaani ile kazi hasa uliyoajiriwa ufanye, inakuwa fungu dogo. Sasa hayo mafungu manne mengine hayatibiwi na dawa moja. Kukusanya kunatibiwa na fomu. Kuhesabu kunatibiwa na fomula za kawaida ambazo zimekuwepo miaka mingi kabla ya AI. Kufuatilia kunatibiwa na vikumbusho vya kujituma vyenyewe. Kuandika, hapo ndipo AI iko na nguvu ya kweli. Kuamua kunabaki kwako. Watu wanaofeli ni wale wanaochukua AI na kuipa kuhesabu, alafu wanashangaa jumla haitoshani, lakini hii mifumo ya maneno imejengwa kutabiri neno linalofuata, ikipewa safu ndefu ya namba ijumlishe kichwani inaweza kukosea na ikuandikie jibu kwa ujasiri kabisa. Kuhesabu iachie jedwali.

Hatua ya pili: fomu moja, mashine moja

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndio mambo yote yanasimama ama kuanguka.

Chagua mashine moja. Usichague ile mbaya kuliko zote, chagua ile yenye opareta makini na supavaisa anayekubali kujaribu vitu. Tengeneza fomu ya Google Forms, haina malipo, na majibu yanaingia yenyewe kwenye Google Sheets. Maswali yasizidi manane. Yangu ni haya: mashine gani, shifti gani, bidhaa gani, jumla iliyotoka, rijekti ngapi, dakika ngapi mashine ililala, sababu kubwa ya kulala, na maelezo kama yapo. Basi. Ukiongeza swali la tisa na la kumi watu wataanza kujaza uongo ili wamalize waende nyumbani, na huwezi kuwalaumu, mtu amesimama masaa kumi na mbili.

Tumia ile njia ya kiungo kilichojazwa tayari, yaani fomu ikifunguka jina la mashine liko ndani tayari, alafu kigeuze kuwa msimbo wa QR, uprinti, ulaminishe, ubandike kando ya mashine. Opareta anapiga kamera, fomu inafunguka, mashine namba nne ishaandikwa. Hii kitu ndogo inaondoa makosa mengi kuliko unavyodhania.

Sababu za kulala kwa mashine ziwe orodha ya kuchagua, kumi hivi, na ziwe kwa lugha ya pale chini. Usiandike maneno ya kitabuni ambayo hakuna mtu wa shifti anayatumia. Kaa na mafundi na maopareta chai ya saa nne, waulize: mashine ikisimama nyinyi husemaje? Watakwambia: stima, hita imeungua, moldi (kile chuma kinachoipa plastiki umbo) inavuja, maji ya kupoza, hewa iko chini, mali haijafika, kubadilisha rangi, kubadilisha moldi, hakuna mtu. Hizo ndizo sababu zako. Ongeza moja ya "nyingine" na ukiona "nyingine" inachaguliwa sana ujue orodha yako ina shimo.

Alafu stima itenganishe mara mbili. Watu wa plastiki wanajua hii: stima ikipotea dakika tano, hasara si dakika tano. Plastiki imebaki ndani ya pipa la mashine, inaiva pale, hita zinapoa, ikirudi unangoja zipate moto, unasukuma ile iliyoungua itoke, unatupa mitungi ya kwanza mpaka ukuta wake ukae sawa. Kwa hivyo weka "stima imepotea" peke yake na "kuanzisha baada ya stima" peke yake. Mwezi ukiisha utajua kama jenereta inajilipa, maanake sasa unaenda kwa mkurugenzi na dakika mkononi badala ya kwenda na malalamiko.

Kitu kingine ambacho kinawasumbua wengi ni tarehe ya shifti ya usiku. Shifti inaanza Jumatatu saa moja jioni, inaisha Jumanne saa moja asubuhi, fomu inajazwa Jumanne, na jedwali linasema ni kazi ya Jumanne. Namba zako zote zinahama siku moja. Dawa yake ni fomula ndogo, chukua muda wa kujaza utoe masaa kumi: =INT(A2-10/24), kisha ipe hiyo safu sura ya tarehe. Aliyejaza Jumanne saa moja na dakika tano asubuhi anarudishwa Jumatatu, aliyejaza Jumanne jioni anabaki Jumanne.

Hatua ya tatu: acha jedwali lihesabu

Hesabu moja inatosha kuanza nayo, ile wanaita OEE, ufanisi wa jumla wa mashine, ambayo ilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima pamoja na mbinu zake za kutunza mashine. Inazidisha vitu vitatu: mashine ilikuwa juu kwa muda gani, ilipokuwa juu ilienda mbio kiasi gani, na ilichotoa ni kizuri kiasi gani.

Twende na mfano. Shifti ni dakika 720, toa 60 za mapumziko, zinabaki 660. Mashine ililala dakika 95, kwa hivyo ilifanya kazi 565. Ukigawanya 565 kwa 660 unapata asilimia 85.6. Mtungi mmoja unatakiwa kuchukua sekunde 60, maana yake kwa dakika 565 ungetoa mitungi 565, lakini ilitoka 510, hiyo ni asilimia 90.3. Katika hiyo 510, rijekti ni 23, mizuri 487, hiyo ni asilimia 95.5. Zidisha zote tatu, unapata asilimia 73.8. Ukitaka kuhakikisha, gawanya mitungi mizuri 487 kwa 660, inakuja pale pale.

Nakajima aliweka asilimia 85 kama kiwango cha viwanda bora. Nakuomba usianze kumpigia mtu kelele na hiyo 85. Uzuri wa hii hesabu ni kukuonyesha wapi panavuja. Katika mfano wetu kila mtu angekimbilia zile dakika 95 za kulala kwa sababu zinaonekana, lakini angalia vizuri, mitungi 55 imepotea mashine ikiwa inatembea, pole pole, hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo unaenda kusimama na saa mkononi, na mara nyingi unakuta mtu wa shifti aliongeza sekunde za kupoza kwa sababu maji ya kupoza yalikuwa moto, na hakuwa na mahali pa kusema.

Fomula hizi kama huziwezi, usione haya, hapa AI inafaa sana. Fungua ChatGPT, Gemini ama Claude, zote ziko na toleo la bure, uiambie hivi:

"Nina Google Sheets. Safu E ni jumla iliyotoka, safu F ni rijekti, safu G ni dakika za kulala. Dakika zilizopangwa kwa shifti ni 660 na sekunde za mtungi mmoja ni 60. Niandikie fomula ya kila asilimia kwa safu yake, na kama E, F ama G iko wazi, jibu libaki wazi, lisiwe sifuri."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Wazi na sifuri ni vitu viwili tofauti kabisa kiwandani. Sifuri ni mashine haikutoa kitu, wazi ni hakuna aliyejaza.

Hatua ya nne: ripoti ijitume yenyewe

Kwenye Google Sheets ingia menyu ya Extensions, chagua Apps Script. Hapo ndipo unaweka skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, na huhitaji kujua kuyaandika, AI itakuandikia, kazi yako ni kuieleza vizuri na kuijaribu. Mwambie: kila asubuhi soma mistari ya shifti ya jana, panga kwa mashine, onyesha jumla, rijekti, dakika za kulala na sababu tatu kubwa, tuma kwa barua pepe hizi tatu, na kama kuna mashine ambayo fomu yake haijajazwa, iandike juu kabisa.

Sasa kuna mitego, na ningependa usiingie kwenye ile niliyoingia. Kwanza saa za eneo: hakikisha jedwali na skripti zote zimewekwa Africa/Nairobi, kwa sababu zikiwa tofauti ripoti inachukua siku isiyo yake na utatafuta kosa wiki nzima. Pili, ukiweka skripti ijiendeshe kila siku, Google inakupa dirisha la saa, haikupi dakika kamili, kwa hivyo ukichagua kati ya saa moja na saa mbili asubuhi inaweza kuja wakati wowote hapo katikati, usimuahidi mkurugenzi saa moja na nusu kamili. Tatu, akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu skripti kutuma kwa wapokeaji 100 kwa siku, inatosha kabisa, ila ukianza kutuma onyo kwa kila kitu utaimaliza.

Watu wataniuliza, na WhatsApp je, si sote tuko WhatsApp? Ni kweli, lakini kutuma ujumbe wa kujiendesha kwa njia halali unapitia mfumo wa biashara wa Meta, una malipo na ujumbe unatakiwa kuwa wa muundo ulioidhinishwa. Zile programu za pembeni zinazojifanya ni simu yako zinaweza kufanya laini ifungiwe, na kama hiyo laini ndio wateja wanakutafuta nayo, umejichimbia. Telegram ni rahisi zaidi, boti yake, yaani akaunti ya kutuma ujumbe yenyewe, ni ya bure, na AI inakuandikia skripti ya kutuma kwenye kundi la masupavaisa kwa dakika chache. Anza na barua pepe, hamia Telegram baadaye.

Onyo weka machache mno. Mimi ningeanza na mawili tu: fomu haijajazwa nusu saa baada ya shifti kuisha, na rijekti zimepita kiwango mlichokubaliana. Simu ikilia mara ishirini kwa siku hakuna atakayeangalia ya ishirini na moja, na hiyo ndio itakuwa ya maana.

Hatua ya tano: sasa ndio AI ifanye kazi ya maneno

Mafundi hawapendi kuandika. Mpe fundi karatasi atakuandikia "mashine ok". Mpe simu aongee, atakupa habari yote. Kwa hivyo waambie watume sauti, alafu maneno yageuzwe maandishi na AI iyapange. Mfano sauti ya usiku inaweza kuwa hivi: "Boss, namba nne imelala tangu saa nane, hita ya kichwa imeungua, tumeangalia stoo hakuna, tumetoa ya namba saba ndio tukaweka, imerudi saa tisa na robo, lakini hiyo namba saba sasa iko bila." Ndani ya hiyo sentensi moja kuna muda, sababu, spea iliyoisha stoo, na mashine nyingine ambayo kesho haitawaka. Kwenye karatasi ingekuwa "hita". AI inaweza kuichambua iwe mistari minne: nini kimetokea, dakika ngapi, nini kinunuliwe, nini kimebaki wazi kwa shifti inayofuata.

Ila hapa kuna jambo la lugha yetu ambalo lazima ulikazie, saa za Kiswahili. Fundi akisema saa nane usiku ni saa 02:00. Ukiiachia AI bila maelezo inaweza kuandika 08:00, na hapo dakika 75 zitabaki ni 75 lakini zimehama shifti, sasa supavaisa wa mchana anabeba msalaba wa usiku. Mbaya zaidi ni ile inayovuka namba 6 ya kwenye saa ya mkono, yaani saa kumi na mbili yetu. Fundi akisema "kutoka saa kumi na moja mpaka saa moja" ni kuanzia 05:00 hadi 07:00, masaa mawili. Ikisomwa kama 11:00 hadi 01:00 ni masaa kumi na manne, marefu kuliko shifti yenyewe! Kwa hivyo maagizo yako yaanze hivi kila wakati:

"Saa zote ni za Kiswahili. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita mchana ni 12:00, saa moja jioni ni 19:00, saa sita usiku ni 00:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Shifti ya usiku ni 19:00 hadi 07:00. Geuza kila saa iwe ya 24, andika dakika ambazo mashine ililala. Kama muda unatoka nje ya shifti, usibadilishe, andika: ULIZA FUNDI. Usiongeze sababu ambayo fundi hajasema."

Hiyo ya mwisho nimeilipia. Kuna asubuhi nilikuwa na haraka, nikaipa AI jedwali iniandikie ripoti ya wiki kwa maneno, na mashine moja sababu yake ilikuwa wazi, hakuna aliyejaza. Ripoti ikaja inasoma vizuri kabisa, ikasema mashine ililala kwa uhaba wa malighafi. Nikaituma. Mtu wa stoo akaitwa ofisini kujieleza juu ya kitu ambacho hakijatokea, na ilibidi niende mbele yake na mbele ya waliomwita niseme kosa ni langu, sikusoma nilichotuma. Tangu siku hiyo kila sentensi ya ripoti lazima niweze kuonyesha mstari wake kwenye jedwali, na kama siwezi inafutwa.

Kazi nyingine za maneno ambazo inafanya vizuri: kuandika maelekezo ya kazi kwa Kiswahili cha shifti kutoka kwa kitabu cha mashine kilichoandikwa Kiingereza ama Kichina (fundi mkuu ayasome kwanza kabla hayajabandikwa, haswa ya usalama), kuandika barua kwa msambazaji aliyechelewesha mali, kufupisha mkutano wa asubuhi, na kukuuliza maswali. Hii ya maswali watu wanaipuuza. Mwambie: "Moldi ya ndoo inatoa rijekti nyingi shifti ya usiku tu. Usinipe jibu, niulize maswali kumi ambayo fundi mzoefu angeniuliza." Utakuta la nne ama la tano ni la joto la maji ya kupoza usiku na mchana, ama ni nani huchanganya plastiki iliyosagwa tena na kwa kipimo gani, na wewe hukuwa umefikiria.

Matengenezo na mpango wa wiki

Matengenezo nitapita haraka kwa sababu ukiwa na fomu, kazi imeshafanyika nusu. Unajumlisha masaa ambayo mashine imefanya kazi, unaweka kiwango cha kila kitu kulingana na kitabu cha mashine, mafuta ya haidroliki, vichujio, mikanda, na skripti inamwambia fundi mkuu masaa yakikaribia. Badala ya kalenda unafuata masaa halisi, maana mashine iliyolala wiki mbili haihitaji kile ambacho iliyokimbia usiku na mchana inahitaji.

Mpango wa wiki uko na utamu wake. Kwenye plastiki ukibadilisha rangi unaenda kutoka nyeupe kuelekea nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu, buluu, nyeusi, ukirudi nyuma unasafisha muda mrefu na unatupa mali. Mauzo nao wanataka ndoo nyeusi leo na nyeupe kesho asubuhi. Usiiambie AI "nipangie wiki" uiamini, itakupa kitu kizuri kwa macho kinachosahau moldi moja haiwezi kuwa kwenye mashine mbili. Iambie ikujengee jedwali lenye sheria zako: moldi gani inaingia mashine gani, dakika za kubadilisha kutoka rangi hii hadi ile, tarehe ya oda. Kama una kijana wa kompyuta, kuna kifurushi cha bure cha Google kinaitwa OR-Tools ambacho kimetengenezwa kwa kupanga kazi za aina hii, na AI inaweza kumsaidia kuandika programu yake. Halafu ongeza matangazo ya Kenya Power ya kukatwa stima kwa matengenezo. Piga picha tangazo, uliza kama majina ya barabara zako yamo, Lunga Lunga, Likoni Road, popote ulipo, kisha hakikisha na macho yako mwenyewe.

Vifaa vya kuhesabu vyenyewe viwe baadaye. Fundi wa umeme akienda Luthuli Avenue anaweza kupata kifaa kidogo kama ESP32 na kihisio cha kuona kila moldi inapofunga, na hesabu inaingia yenyewe bila mtu. Ni kitu kizuri, lakini ngoja fomu izoeleke kwanza, kwa sababu kifaa kitakwambia mashine imesimama, hakitakwambia kwa nini. Na kisiguse waya za usalama za mashine hata kidogo, kisome tu kutoka nje.

Watu na sheria

Siku utakapobandika msimbo wa QR kwenye mashine, vibarua watasema wanahesabiwa ili wafutwe. Usiwacheke, wamewahi kuona. Waite, waonyeshe fomu, waambie jina la mtu halimo, na utimize hilo neno. Wiki ya kwanza tafuta kitu kimoja ambacho fomu imeonyesha na kinawasumbua wao, feni ama maji ya kupoza ama toroli mbovu, na ukirekebishe haraka. Wakiona namba zao zimeleta toroli mpya watajaza bila kukumbushwa.

Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo yake makubwa na mashine peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo, kifungu cha 41, inataka kabla hujamfukuza mtu kwa utendaji mbaya umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake ama mwakilishi wa chama, na umsikilize. Kwa hivyo asilimia ya kwenye jedwali haimfukuzi mtu. Na kwenye zile AI za bure usipeleke majina, namba za vitambulisho, mishahara, wala bei za wateja wako. Andika Opareta A, Mteja B. Angalia pia kwenye mipangilio kama mazungumzo yako yanatumika kufundishia mifumo, uzime hilo.

Siku thelathini za kwanza ziende hivi

Wiki ya kwanza ni daftari tu, na chai na mafundi. Wiki ya pili fomu inaanza kwa mashine moja, na makaratasi ya zamani yanaendelea sambamba, ili kila asubuhi ulinganishe. Zitatofautiana mwanzoni, na ukifuatilia utakuta mara nyingine karatasi ndio ilikuwa inadanganya. Wiki ya tatu washa ripoti ya asubuhi, ije kwako peke yako, usimpe mkurugenzi bado. Wiki ya nne anza sauti za mafundi na maagizo ya saa za Kiswahili, na siku karatasi na fomu zitakapolingana shifti kumi mfululizo, hiyo karatasi ya mashine hiyo iondoe kabisa, kwa sababu ukiacha vyote viwili watu watachoka na vyote viwili.

Mashine ya pili iingie tu kama mambo mawili yametimia: ripoti imekuja asubuhi zote za wiki bila wewe kumpigia mtu simu, na kwenye ile daftari yako, ukijipima tena, kuna angalau saa nzima kwa siku ambayo umeitumia ukiwa umesimama kando ya mashine. Kama saa hiyo haijapatikana, usiongeze chochote, rudi kwenye maswali manane ya fomu uone lipi hakuna anayelitumia, ulitoe.